Kwa Mama Ardis, Aliyefungiwa Nje na Sheria Yake Mwenyewe

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile ya mwezi wa pili ulipotuacha, theluji ikiwa imepanda hadi kwenye dirisha la jikoni na Baba akiwa nje na sepetu, anachimba njia ya gari la wagonjwa ambalo halikuwa na haraka tena.

Tunaandika kama familia. Baba amesema kalamu nishike mimi, kwa kuwa eti ndimi niliyezoea kuandikia wakubwa barua. Leif amekubali, ila kaniomba nisiifanye hotuba. Basi ni mimi, Kari, binti yako, na humu ndani kuna jambo ambalo baba na kaka yangu wamelijua tangu Krismasi, nawe hukuwahi kuambiwa. Watu wa mji wetu wa Nordahl watalisoma kwenye gazeti hili huku wakinywa kahawa. Wasome tu.

Kwanza mambo mazuri, maana Baba ndivyo alivyoagiza.

Anataka ikumbukwe kwamba uliunguza mkate kila Jumamosi kwa miaka arobaini na mitatu, na kila Jumamosi ulishangaa. Anataka ikumbukwe pia kwamba hukuwahi kumwambia mtu mgongo wa mtu mwingine ulivyo. Mji mzima ulilala juu ya kitanda chako cha kukandia migongo kwa zamu, mchungaji na mwenye baa, na hakuna aliyejua cha mwenzake.

Sisi tunaikumbuka mikono yako. Ulikuwa unaichovya kwenye beseni la maji moto, unaikausha, unagonga mlango mara mbili, kisha unaingia na swali lako lile lile: "Haya, mzigo uko wapi leo?" Hukuuliza mtu anaumwa wapi. Ulisema watu hawajui wanapoumwa, ila wanajua wanapobebea.

Kazi ulifundishwa na Shangazi Borghild, shambani, ukiwa na miaka kumi na sita. Yeye alikanda viwele vya ng'ombe alfajiri na migongo ya watu mchana, na katikati aliosha mikono. Hilo la kuosha mikono hukuliacha lipite bila kulitaja.

Leif anakumbuka siku aliyovunja kioo cha duka la mbegu kwa mpira. Alirudi nyumbani akiwa mtakatifu, akala chakula chake chote, viazi na nyama ya kusaga na maharage, akaomba na kuongezwa. Ukapita nyuma ya kiti chake ukamshika shingo kidogo tu.

"Kioo cha nani?" ukauliza.

"Kioo gani, Mama?"

"Leif, mdomo wako unatafuna lakini shingo yako inakimbia. Kioo cha nani?"

Tulikua tukijua hivyo: kwako shingo haidanganyi. Mdomo ungeweza kujaribu bahati yake, lakini ukishawekewa mkono, basi tena.

Sasa nije kwenye vita vyako.

Wageni watakaosoma hawatajua kwamba mji wetu ulikuwa ukikuandikisha kwenye daftari moja na nyumba za wanawake wanaocheza uchi. Wewe, mwalimu wa shule ya Jumapili! Kila mwaka ulikwenda polisi kupigwa alama za vidole, na kijana wa mapokezi, ambaye ulimkanda mama yake akiwa na mimba yake, alikuwa anaona haya kukutazama. Hilo ulilicheka. Ambalo hukulicheka ni la yule mwanamume aliyekuja kufungua chumba cha kukandia karibu na posta. Alikuwa amefukuzwa kazi jimbo la jirani kwa kuwashika wateja wake vibaya. Kule kulikuwa na sheria, kwetu hakukuwa na sheria, basi akavuka daraja akatundika kibao. Msichana mmoja alitoka kwake akaja kwako, akalala kwenye kitanda chako na viatu vyake mguuni, hakutaka kuguswa, akalia tu. Ulikaa naye saa nzima mikono yako ikiwa mapajani.

Kesho yake ulimpigia simu mbunge. Ulikuwa na miaka hamsini na sita.

"Kinyozi ana leseni," ulikuwa ukiwaambia. "Anayepaka rangi kucha ana leseni. Anayemshika mama yako amevuliwa nguo, kafunikwa shuka tu, huyo hamtaki kumjua hata jina. Karibu Marekani yote wamelitazama jambo hili. Sisi tunasubiri nini?"

Miaka kumi na moja, Mama. Kila mwaka muswada uliingia, na kila mwaka ulikufa kwenye kamati. Uliendesha gari mwendo wa saa tatu kwenda mji mkuu wa jimbo, barabara ikiwa barafu tupu, bati lako la keki za ndimu likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Wabunge walikuwa hawaruhusiwi kupokea zawadi, hata kipande cha keki. Basi bati ulikuwa unaliacha kwenye meza ya karani na kusema kwa sauti, "Hili nimelisahau hapa," halafu jioni unarudi kulifuata tupu. Bati hilo lilikuwa la mama yako. Hukuwahi kuliacha lilale bungeni.

Na vicheko vyao! Lilipotajwa neno masaji, kamati nzima ilikuwa kama darasa la wavulana. Seneta Deering ndiye aliyekuwa bingwa.

"Mama Ardis," alikuuliza mwaka wa nne, mbele ya watu wote, "mbona hukuleta kitanda, tukajionea wenyewe tunachokipitisha?"

"Mheshimiwa," ukamjibu, "ningekuleta wewe kitandani ungelia kama mtoto. Shingo hiyo umeigeuza mara ya mwisho lini?"

Walicheka, naye akacheka akiwa amegeuza mwili mzima, maana shingo ilikuwa haigeuki kweli. Njiani kurudi ulinung'unika maili sitini nzima. Hukukasirikia mzaha wake. Ulikasirika kwamba ungeweza kumtuliza yule mtu kwa nusu saa, na sheria ya zawadi ilikuwa inakuzuia kumgusa.

Kila mwaka tulipewa dakika mbili za kutoa ushahidi. Zako ulizitumia kusema ukweli wote, pamoja na Shangazi Borghild na lile zizi. Nilikuwa nakuvuta sketi. Nilikuwa katibu wa chama cha wakandaji kufikia wakati huo, nina cheti changu cha saa mia tano za darasani, ambazo wewe ndiye uliyenipeleka nikazisome. Nilikuwa naona haya, Mama. Kila uliposema "zizini" nilitazama viatu vyangu.

Muswada wenyewe niliuandika mimi kwa mashine, kifungu kwa kifungu, na wewe ukisoma juu ya bega langu. Leseni kwa kila mkandaji, baada ya saa mia tano za shule. Kifungu cha tisa kilikuwa cha wakongwe: aliyefanya kazi hii miaka kumi na zaidi bila doa apewe leseni bila kurudi darasani. Katika jimbo zima mlikuwa thelathini na wawili. Wewe ulikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu ndiwe uliyeiandika.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mwisho ya kamati. Muswada usingepita siku ile, tungesubiri mwaka mwingine mzima. Wewe ulikuwa umekwenda ghorofa ya tatu kufuata bati. Simu yako ilikuwa ndani ya gari, kama kawaida yako. Seneta Deering akatoka mlangoni akaniita kwa kidole.

"Binti, njoo hapa. Nina kura mbili mkononi, yangu na ya mwenzangu. Toeni hicho kifungu cha wakongwe, na leo mna sheria."

"Mheshimiwa, hicho ndicho kinachomlinda mama yangu."

"Mama yako namheshimu. Lakini siwezi kwenda kuwaambia watu wangu kwamba nimetunga leseni, halafu naigawa bure kwa mtu aliyejifunzia zizini. Si yeye mwenyewe aliyesema? Tena ana wajukuu. Apumzike."

"Ngoja nimuulize."

"Muulize. Ila dakika tano tunaitwa ndani, na mwenyekiti wetu unamjua, hangoji mtu."

Nilitazama ngazi. Hukuwa unashuka. Ningeweza kukimbia. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na dakika tano.

"Toa," nikasema.

Ningependa kuandika hapa kwamba sikukufikiria. Nilikufikiria. Nilifikiria vidole vyako vinavyovimba asubuhi, nikafikiria miaka yako sitini na saba, nikakupangia kustaafu palepale kwenye korido kana kwamba wewe ni mtoto na mimi ndiye mama. Nilifikiria pia kwamba nimechoka na barabara ile, na keki zile, na vicheko vile, na kwamba nataka tushinde siku moja tu. Na ndani kabisa, Mama, nilifikiria kwamba hatutasikia habari ya zizi tena. Hayo yote yalinipitia kabla sijafungua mdomo.

Karani alisoma marekebisho kwa kasi ya dalali wa mnada wa ng'ombe. Sikio lako la kulia halikuwa zuri, na mimi nilikuwa nimekaa kulia kwako.

"Wamesema nini?" ukaniuliza.

"Marekebisho madogo."

Muswada ukapita. Ulisimama ukapiga makofi peke yako mpaka mwenyekiti akagonga nyundo. Ulimkumbatia kila mtu, hata Seneta Deering, na nilikuona mkono wako ukipanda kwenye shingo yake kisha ukajizuia.

Nakala ya sheria, bunge zima likiwa limeshaipitisha, ilifika kwa posta majira ya joto, siku tunamenya mahindi. Ulivaa miwani ukaisoma yote, kwa sauti, Baba akisema amina kila kifungu. Kisha ukarudi nyuma ukurasa mmoja.

"Kari. Cha tisa kiko wapi?"

"Seneta Deering alikitoa."

"Hee! Lini?"

"Siku ileile. Mwishoni."

"Na wewe ulikuwa pale mlangoni. Hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza, Mama."

Ulivua miwani, ukaitazama meza, halafu ukacheka, kicheko chako kile cha kuinua mabega. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," ukasema. "Duane, mkeo amekuwa mhalifu." Baba hakucheka. Uliokota hindi lingine ukaendelea kumenya, na mimi nikaendelea kumenya, na bega langu la kushoto likakaza hapohapo mezani.

Sheria ilianza kazi Januari mosi. Januari mosi ulifunga mlango wa chumba chako na kushusha kibao. Orrin wa ng'ombe wa maziwa, mwenye nyonga mbovu, alikuja tarehe tatu akasimama kwenye baridi akibisha.

"Ardis, fungua bwana! Nani atakuona? Ng'ombe?"

"Orrin, nimewabembeleza watu wazima miaka kumi na moja wanikataze. Wamenikataza. Sasa niivunje siku ya tatu? Nenda kwa Kari."

"Kari ana mikono ya baridi."

"Itapata moto. Nenda."

Walikuja kwangu wote, Mama. Wateja wako walilala kwenye kitanda changu wakisema mama yako alikuwa anaanzia hapa, mama yako alikuwa anabonyeza pale. Ulikataa kwenda shule. Shule ilikuwa mwendo wa saa mbili, na ulisema ukimaliza hizo saa mia tano, leseni watakutundikia kwenye jeneza. Moyo wako ulishaanza kuchoka wakati huo, hilo hatukulijua.

Nilikuwa napita kwenu jioni, nimechoka, bega limepanda hadi sikioni. Uliliona nikiwa bado mlangoni.

"Kaa hapo nikushike. Mzigo uko wapi leo?"

"Wee Mama! Huna leseni. Nitakushtaki kwa bodi ya leseni."

Tulicheka. Ulicheka kuliko mimi. Juma lililofuata ukasema tena, nami nikajibu vilevile, na tukacheka kidogo. Mara ya tatu ulikuwa umeshainyanyua mikono yote miwili, umesimama nyuma ya kiti changu, nami nikakisogeza kiti mbele. Ukaitia mikono kwenye mifuko ya aproni. Ukaniuliza kama nitakunywa kahawa. Hukuniomba tena mpaka unakufa, miezi kumi na moja.

Haukuwa mzaha, Mama. Niliogopa. Nilijua ukinigusa utajua. Ungeweka kidole gumba chini ya shingo na kuuliza, "Kioo cha nani?" nami ningesema. Basi nikakunyima bega langu, baada ya kuwa nimekunyima kazi yako.

Hodan ndiye aliyenimaliza, na hakujua. Hodan ni yule muuguzi aliyekuwa anakuja nyumbani kila Jumanne kupima moyo wako. Siku ya mazishi, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, watu wakila mkate na nyama na kumiminiana kahawa, alinivuta pembeni.

"Dada Kari, nina siri ya mama yako, na imenielemea. Alikuwa ananikanda."

"Anakukanda wewe?"

"Shingo. Juu ya mtandio hivihivi. Kila Jumanne! Namwambia, mama, mgonjwa ni wewe, mimi nimekuja kazini. Ananiambia, kaa chini, mzigo uko wapi leo? Nami nilikuwa na mizigo, Dada Kari, wallahi nilikuwa nayo. Nilikuwa natoka pale nalia na kucheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema, usimwambie binti yangu, ana leseni yake, jina letu ni moja, bodi ikisikia itamfuata yeye. Alikuwa anafunga pazia kwanza ndipo anikande."

Mwanamke ambaye hakuivunja sheria yake kwa ajili ya Orrin aliivunja kila Jumanne, pazia limefungwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na njaa na mimi niliiondolea kiti.

Na hiki ndicho ambacho sikukukumbusha. Sheria ile nimeiandika mimi mwenyewe, naijua. Kifungu cha sita kinasema hakuna kinachomzuia mtu kumkanda mtu wa familia yake. Ulikipitia tulipoandika muswada, ukakisoma tena kwa sauti siku ya mahindi na Baba akasema amina, lakini macho yako yalikuwa yanakitafuta cha tisa, nadhani hukukishika. Shingo ya Hodan ndiyo iliyokatazwa. Bega langu lilikuwa halali yako siku zote. Nilikuwa nalijua hilo kila niliposema bodi, na kila nilipocheka.

Krismasi nilimwambia Baba na Leif. Baba alitoka nje akapasua kuni mpaka giza likaingia. Aliporudi alisema, "Angekusamehe upesi mno, ndiyo maana ulipaswa kumwambia." Leif alinishika shingo tu kama ulivyomshika yeye siku ile ya kioo.

Jumanne ijayo kamati inasikiliza muswada wa kukirudisha kifungu cha wakongwe. Wamebaki thelathini na mmoja. Nimejiandikisha kutoa ushahidi, dakika mbili. Nitasema kwamba Seneta Deering aliomba, na kwamba aliyejibu ni mimi, na kwamba nilikuwa na dakika tano na miguu yangu. Nitasema zizini, kwa sauti, mara mbili ikibidi. Nimetangulia kuliandika hapa ili nikifika kwenye kile kipaza sauti nisiweze kurudi nyuma. Baba atakuja na bati. Ameoka mwenyewe, na keki zimeungua.

Wanaokukumbuka ni mumeo Duane. Mwanao Leif na mkewe Janelle. Wajukuu zako Signe na Anders. Mdogo wako Lorna. Hodan, ambaye ameomba awekwe kwenye orodha ya familia nasi tumemweka. Na Orrin, pamoja na nyonga yake, amesema tusiisahau.

Na mimi. Siku zote tutakukumbuka, Mama. Uliniuliza mara tatu nami sikukujibu, basi najibu leo: mzigo uko hapa, upande wa kushoto, chini kidogo ya shingo.